Mambo ya Kale Yatufaayo Leo: Mabaa ya Zamani na Makao ya Watu

Walimu kadha wa upande wa Ruangwa wametuletea swali, nasi tumeliona lastahili kujibiwa mbele ya wote. Wanafunzi wao, walipokwisha kusikia habari za mifupa ya Tendaguru, waliuliza: Je, wanyama wale wakubwa ndio waliokufa katika gharika ya Nuhu? Na kama baa laweza kuwamaliza wanyama wakubwa hivyo, je, ilikuwaje kwa miji na falme za watu wa kale? Hayo ni maswali mema, wala haifai kumnyamazisha mtoto aulizaye hivyo.

Tuanze na Tendaguru, kwa kuwa ni jirani yetu, katika mkoa wetu huu wa Lindi. Tangu mwaka 1909 hata mwaka 1913 wataalamu wa Kijerumani walichimba huko pamoja na mamia ya wenyeji, na wapagazi wakaichukua mifupa ile mpaka Lindi, ikapakiwa merikebuni kwenda Ulaya. Mnyama mmoja amesimamishwa katika nyumba ya makumbusho ya Berlin, na kimo chake chapita mita 13. Lakini wanyama hao waliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita, wakati ambapo hapakuwa na mwanadamu ye yote duniani. Basi mwalimu awaambie watoto wake waziwazi: mifupa ile si ya siku za Nuhu. Tendaguru hatutapata habari za watu, na ikiwa twataka kujua jinsi mabaa yalivyowapata watu wa kale, yatupasa kutafuta mahali pengine.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali sana. Viko vitabu vitatu ambavyo havikuandikwa na mtu, navyo vimo katika nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki: barafu ya mlimani, matope ya ziwa, na mchanga wa pwani. Kila kimoja chashika habari za mwaka juu ya mwaka, tabaka juu ya tabaka, kama vile mama awekavyo kanga sandukuni, ya zamani chini na mpya juu.

Kitabu cha kwanza ni barafu ya Kilimanjaro. Mwaka 2000 Mmarekani mmoja, Bwana Lonnie Thompson, alipanda huko na wenziwe, wakatoboa barafu na kutoa vipande virefu vya mviringo. Walipovichungua waliona, katikati ya barafu nyeupe, tabaka la vumbi lenye unene wa sentimita tatu hivi. Walihesabu kwamba vumbi hilo lilianguka yapata miaka elfu nne iliyopita, wakati nchi ilipokauka hata upepo ukaliinua vumbi mpaka kileleni. Wako wataalamu wengine wasioikubali hesabu hiyo ya umri wa barafu. Lakini hesabu yenyewe haisimami peke yake, kwa maana matope ya maziwa mengi ya Afrika nayo yashuhudia kiangazi kikali katika nyakati hizohizo.

Sasa tazameni ramani, mfuate maji. Mto Nili wapata maji yake kutoka kwetu na kutoka Uhabeshi: Nili Nyeupe kutoka Ziwa Viktoria, na Nili ya Buluu kutoka Ziwa Tana na milima ya huko. Nchi ya Misri karibu haipati mvua. Watu wake waliishi kwa gharika ya kila mwaka ya mto, iliyofunika mashamba na kuacha udongo mweusi wenye rutuba. Kwa hiyo mvua zikikosekana Uhabeshi, mkulima wa Misri alilala njaa, ingawa hakuiona mbingu ya Uhabeshi siku zote za maisha yake.

Na hivyo ndivyo yasemwavyo kutukia yapata miaka 2200 kabla ya Kristo. Ufalme wa kwanza mkuu wa Misri, uliojenga mapiramidi ya Giza miaka mia tatu na zaidi kabla ya hapo, ulivunjika. Mto ulipungua, mashamba yakapasuka, na kila liwali akaitawala wilaya yake kama kwamba hana mfalme juu yake. Liwali mmoja wa kusini, aitwaye Ankhtifi, aliandikisha katika kaburi lake huko Mo'alla ya kuwa watu walikuwa wakifa kwa njaa, naye akawalisha watu wake na majirani pia. Wakubwa hupenda kujisifu, na huenda Ankhtifi aliongeza chumvi. Lakini mtu hajisifu kwa kulisha wenye njaa mahali ambapo hapajawa na njaa.

Je, kiangazi ndicho kilichouvunja ufalme ule? Hapa twaomba mwalimu asikimbilie kujibu. Mfalme Pepi wa Pili alitawala miaka mingi mno hata akawa mzee sana, na kabla mvua hazijakoma mamlaka yalikuwa yamekwisha kuanza kuponyoka mikononi mwa wafalme na kwenda kwa maliwali. Nyumba iliyoliwa na mchwa hupeperushwa na upepo ambao nyumba nzima ingaliustahimili. Basi afadhali tuseme kwamba kiangazi kiliikuta serikali iliyokwisha kudhoofika, kikaimaliza. Wala tusiichanganye habari hii na ile ya Yusufu, kwa kuwa miaka ya Yusufu haijulikani kwa hesabu ambayo wataalamu wote waikubali. Lakini jambo moja ni lilelile katika habari zote mbili: aliyeokoa watu ni yule aliyekuwa na nafaka ghalani kabla ya njaa kuingia.

Kitabu cha pili ni matope ya Ziwa Naivasha, katika nchi ya Kenya. Wataalamu, mkubwa wao Bwana Dirk Verschuren wa Ubelgiji, walichimbua matope ya chini ya ziwa, na katika mwaka 2000 walitangaza waliyoyasoma humo. Mahali ambapo ziwa lilikuwa na kina kirefu, matope na vijidudu vilivyomo ni vya namna moja. Mahali lilipokaribia kukauka, ni vya namna nyingine. Waliona kwamba tangu mwaka 1000 hivi hata mwaka 1270 nchi ilikuwa kavu kuliko leo. Baadaye mvua zikawa nyingi, lakini zikakatizwa na viangazi virefu vitatu: cha kwanza kama mwaka 1380 mpaka 1420, cha pili kama 1560 mpaka 1620, na cha tatu kama 1760 mpaka 1840. Hivyo vitatu vilikuwa vikali kuliko kiangazi cho chote cha karne ya ishirini.

Na jambo lililotufurahisha sana ni hili. Wataalamu hao walichukua masimulizi ya wazee wa Afrika ya Mashariki, yaliyohesabiwa kwa vizazi vya watawala, wakayaweka kando ya hesabu ya matope. Wakaona yakubaliana. Miaka ambayo wazee wasimulia njaa, kuhama, na fujo katika nchi, ndiyo miaka ambayo ziwa lilipungua. Na miaka wasimuliayo shibe na amani, ziwa lilijaa. Basi wale waliozoea kusema kwamba maneno ya wazee ni hadithi za kupitisha jioni, sasa matope yenyewe yamewajibu.

Kitabu cha tatu ni mchanga, nacho ndicho chenye huzuni kuliko vyote. Karibu na mdomo wa Mto Pangani palikuwa na kijiji cha watu wa pwani yapata miaka elfu moja iliyopita. Wenyeji wake walikuwa wavuvi, wakifinyanga vyungu na kuvaa shanga. Mtaalamu wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Bwana Elinaza Mjema, alipochimba huko aliona mifupa ya watu wengi ndani ya tabaka la mchanga. Haikulazwa kama maiti walazwavyo makaburini, wala haikuwa na majeraha ya mkuki au upanga. Ilikuwa imetawanyika, na pamoja nayo vitu vya baharini na vya nchi kavu vimechanganyika ovyo. Yeye na wenziwe, akina Bwana Vittorio Maselli na Bwana Davide Oppo, wakalichunguza tabaka lile, na mwaka 2020 wakatangaza neno lao: watu wale walichukuliwa na wimbi kuu la bahari, lile ambalo siku hizi laitwa tsunami.

Tuwaeleze watoto kazi ya wimbi hili, maana si wimbi la upepo. Chini ya bahari, upande wa Sumatra, miamba mikubwa ya dunia yasukumana. Mmoja waingia chini ya mwingine polepole sana, ukikwama miaka mamia. Siku ukwamukapo, sakafu ya bahari yainuka ghafula, na maji yote yaliyo juu yake yainuka pamoja nayo. Ndipo wimbi laondoka, likienda mwendo wa eropleni katika bahari ya kina. Mtu aliyemo chomboni huko mbali huenda asilitambue. Lakini likifika majini pafupi lapunguza mwendo na kuinua kichwa, likaingia nchi kavu kama mto usio na kingo. Kutoka Sumatra hata kwetu ni safari ya saa nane au kumi hivi. Huenda wale wa Pangani hawakusikia tetemeko lo lote. Yaelekea walikuwa katika shughuli zao za kila siku, baa lilipowafikia kutoka nchi wasiyoijua hata jina.

Huenda msomaji akasema, hayo ni ya miaka elfu. Basi na akumbuke tarehe 26 Desemba mwaka 2004, siku ya pili ya Noeli. Bahari ya Sumatra ilitikisika, na watu zaidi ya laki mbili wakafa katika nchi nyingi. Huko Somalia walikufa watu wapatao mia tatu. Kwetu Tanzania walikufa zaidi ya kumi. Tulipona kwa sababu ya umbali, na kwa kuwa wimbi lilipofika pwani yetu maji yalikuwa yamekupwa. Kama yangalikuwa yamejaa, hatujui ni nyumba ngapi zingaliomboleza.

Sasa, wasomaji, sikieni habari ya siku ileile ambayo twaiona ni kubwa kuliko hizo zote. Karibu kabisa na mahali bahari ilipotikisika kipo kisiwa kiitwacho Simeulue, nacho kilikuwa na watu elfu sabini na nane hivi. Wimbi liliwafikia kwa dakika chache tu. Hawakuwa na simu ya kuwaonya wala king'ora. Hata hivyo waliokufa katika kisiwa kizima walikuwa watu saba. Kwa nini? Kwa sababu mwaka 1907 wimbi kama lile liliwaua babu zao wengi, na waliosalia hawakunyamaza. Walilipa wimbi jina, smong, wakalitia katika nyimbo na masimulizi, na bibi akamwimbia mjukuu: nchi ikitikisika sana, na bahari ikirudi nyuma, usiokote samaki, kimbilia mlimani. Miaka tisini na saba baadaye nchi ilitikisika. Watu wakapiga kelele wakitaja jina lile moja, wote wakakimbilia juu, wakapona.

Linganisheni sasa. Pangani, miaka elfu moja iliyopita, kijiji kiliangamia. Nani kati yetu aliambiwa habari hiyo na babu yake? Mchanga ndio uliokumbuka, wala si watu, nao ulingoja miaka elfu kabla ya kusema. Simeulue, watu wenyewe ndio waliokumbuka, nao waliishi. Hapa ndipo tunapoliona jibu la swali la wale watoto. Baa moja huweza kufuta kijiji. Lakini taifa zima mara nyingi huvunjika kwa sababu baa limekuta pengo: ghala tupu, utawala mbovu, au kizazi kilichosahau.

Mara nyingine baa haliui nchi bali laigeuza. Tarehe 15 Aprili mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja vyombo vya Sultani Barghash bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo karafuu za Pemba zikazidi zile za Unguja, na mpaka leo Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi. Hivyo upepo wa siku moja ulihamisha utajiri kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine.

Lakini twaonya jambo moja, hasa kwa walimu wapelekao watoto kutazama magofu ya Kilwa Kisiwani. Mtoto aweza kudhani kila gofu ni kazi ya baa. Sivyo. Ibn Battuta aliufikia mji ule mwaka 1331, akausifu uzuri wake. Mwaka 1505 Wareno waliuteka na kuuteka nyara, na biashara ya dhahabu ya Sofala iliyokuwa imeulisha ikapotea mikononi mwake. Hiyo ni kazi ya watu. Hata njaa kuu ya kusini iliyofuata vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 haikuletwa na mbingu: majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala, na walioangamia kwa njaa walipita wale waliokufa kwa risasi. Mtu akimtwika Mungu mzigo wa mambo yaliyofanywa na watu, anawaficha wenye hatia.

Na kinyume chake, asiwatwike waliokufa hatia wasiyo nayo. Kila gharika ijapo huko Kilwa au Lindi, hawakosi wasemao kwamba watu wale walikuwa na dhambi kuliko sisi. Bwana wetu alipoambiwa habari za mambo ya namna hii, aliutaja mnara wa Siloamu ulioangukia watu kumi na wanane, akakana kwamba wao walikuwa wabaya kuliko wengine. Mkristo akimaliza kusoma habari ile, kazi yake si kumhukumu aliyepatwa, bali ni kwenda na kikapu cha unga, na kutengeneza njia zake mwenyewe.

Basi yatupasa kufanya nini sisi wa bara, tusioiona bahari? Mabaa hayatupiti. Mwezi wa Aprili mwaka 1952 kimbunga kilipiga pwani yetu ya Lindi na Mtwara. Mwezi wa Januari mwaka 2020 mvua kubwa zilileta mafuriko katika mkoa wetu, hasa upande wa Kilwa, watu wakafa na maelfu wakakosa makao. Mwezi wa Mei mwaka 2024, baada ya kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara ya Dar es Salaam katika wilaya ya Kilwa, na magari yakakwama njiani. Nao mpango ule mkubwa wa karanga wa Waingereza, uliofika hata Nachingwea na kuachwa mwaka 1951, ulikuwa na matrekta na fedha nyingi. Lakini huko Kongwa mvua haikunya kama walivyotazamia, katika nchi ya Wagogo waliozoea kusimulia njaa zao tangu kale.

Kwa hiyo twashauri mambo manne. Kwanza, kila mwalimu anunue daftari moja la shule, awatume watoto kwa babu na bibi zao waulize: Njaa gani mlizisikia, na zilipewa majina gani? Mto ulifurika mpaka wapi? Watu walikula nini? Majibu yaandikwe pamoja na jina la kijiji. Wazee waliosikia habari za njaa ya Maji Maji kwa wazazi wao wenyewe wamebaki wachache sana, na kila mwezi twawazika.

Pili, mtu akijenga nyumba asitazame kiangazi tu. Bonde la Mto Lukuledi au la Mbwemkuru laonekana zuri na tambarare, udongo wake mwororo. Aulize kwanza maji yalifika wapi katika mwaka mbaya kuliko yote wanaoukumbuka wazee, kisha ajenge juu ya hapo. Usemi wa kwamba maji hayafuati nyumba, nyumba ndiyo ifuatayo maji, ni wa kweli.

Tatu, fedha za korosho na ufuta zisimalizike zote dukani. Mihogo iwe shambani, mtama uwe ghalani, na mbegu zifichwe mahali pasipofikiwa na mkono wa mlaji. Nao akina mama wanaojua kuchimba ming'oko msituni wawafundishe binti zao mahali inapopatikana na namna ya kuipika. Wasichana wengine siku hizi waona haya kwa chakula hicho. Lakini kilichotulisha siku mbaya hakistahili kudharauliwa siku njema.

Nne, watoto wetu wengi huenda Lindi, Mtwara na Dar es Salaam kutafuta kazi. Kabla hawajaondoka, na wafundishwe neno lile la Simeulue: wakiona bahari yarudi nyuma ghafula na kuacha samaki juu ya mchanga, wasishuke kuokota, bali wapande juu na kuwaita wengine. Na kwa kuwa wimbi laweza kuja kwetu bila tetemeko kuhisiwa, kama yaelekea lilivyowajia wale wa Pangani, wasikize tangazo la serikali wala wasilidharau.

Daftari zitakapojaa, tuleteeni habari za vijiji vyenu, nasi tutazipanga kwa miaka na kuzichapa katika ukurasa huu, ili wa Nachingwea wajue ya Ruangwa, na wa Ruangwa wajue ya Nachingwea. Anzeni na yule mzee aliye mkongwe kuliko wote kijijini, wala msingoje mavuno yaishe.